Huyu Jane Austen ana nini hasa? Pesa, posa na kijembe

Mwishoni mwa mwaka 2025 picha ya mama mmoja aliyevaa kofia ya kitambaa ilijaa kwenye simu za watu, maana tarehe 16 Desemba ilitimia miaka 250 tangu azaliwe Jane Austen, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, na huko Uingereza sherehe zilikuwa za mwaka mzima, watu wazima na akili zao wanavaa magauni ya zamani na kuzunguka mitaa ya mji wa Bath. Kwenye grupu letu moja la wasap mtu akauliza, jamani huyu dada ana nini hasa? Vitabu 6 tu, vyote vinaishia harusini, katikati ni chai na kutembeleana, mbona hawachoki naye? Majibu yakamiminika na mengi yalikuwa ovyo. Mmoja akasema ni mambo ya wanawake wanaopenda mapenzi. Mwingine akasema Wazungu wanapenda vyao tu basi. Mwingine, huyu nilicheka sana, akatusimulia stori ya mke kichaa aliyefungiwa darini, ambayo ni ya Charlotte Brontë, watu wawili tofauti kabisa, na huyo Brontë mwenyewe wala hakumpenda Austen, alimwona kama bustani iliyopigwa uzio vizuri ambayo hana hamu ya kuishi ndani yake.

Siwalaumu. Mi mwenyewe Pride and Prejudice, kitabu chake maarufu kuliko vyote, nilikianza zamani nikakiacha ukurasa wa arobaini hivi, naona watu wanaongea tu hakuna kinachotokea. Nikakirudia baada ya miaka mingi, wakati nimeshakaa vikao vya kutosha vya harusi na vya mirathi, na safari hii nilikuwa nacheka peke yangu kwenye daladala.

Sasa kabla ya kwenda mbali kuna vitu vitatu lazima viwekwe sawa, maana wengi wanaoshindwa kumsoma wanakwama hapo.

Kwanza, watu wake ni akina nani. Si wafalme, na si wakulima. Ni tabaka la katikati-juu la vijijini, mabwana wenye mashamba wanayoyakodisha kwa wakulima, wao wenyewe hawashiki jembe, halafu wanaozunguka hapo ni wachungaji wa Kanisa la Anglikana, maofisa wa jeshi, mabaharia wa Jeshi la Wanamaji. Mwanamume wa tabaka hili akifanya kazi, kazi zenye heshima ni chache, kanisa, jeshi, sheria. Mwanamke hana hata hizo. Akikosa mume na akakosa urithi, kilichobaki ni kuwa yaya-mwalimu wa watoto wa watu au kukaa kwa kaka akimtegemea kwa kila kitu hadi gharama ya barua.

Pili, zile namba. Kwenye Pride and Prejudice ukisoma "Bwana Darcy ana elfu kumi kwa mwaka" usifikiri ni akiba, hayo ni mapato, kila mwaka zinaingia hizo. Bwana Bennet, baba wa mabinti watano, anaingiza pauni 2,000. Bingley, rafiki yake Darcy, 4,000 au 5,000. Na hizi namba hazinong'onezwi, Darcy anaingia ukumbini kwenye dansi na ndani ya dakika tano ukumbi mzima unajua mapato yake kabla hata hajafungua mdomo. Ni kama vile mgeni anavyofika msibani na gari na kabla hajaketi watu wameshauliza anafanya kazi wapi. Na zingatia, kule pesa zinatembea kinyume na mahari yetu. Kwetu mwanamume ndo anapeleka, kule mwanamke ndo anatarajiwa aje na fungu lake, kwa hiyo binti mwenye pauni 30,000 kama Georgiana, mdogo wake Darcy, ni windo, na asiye na kitu hata awe mrembo vipi wanamsifia tu na kuondoka.

Tatu, na hapa ndo penye utata mkubwa, mirathi iliyofungwa. Lile shamba la Bennet, Longbourn, limefungwa kisheria lirithiwe na mwanamume tu. Bennet hana mtoto wa kiume, kwa hiyo akifa linakwenda kwa ndugu wa mbali, Bwana Collins, mchungaji mmoja mwenye kujipendekeza kupita kiasi ambaye hawajawahi hata kumwona. Mama na mabinti watano wanaweza kutolewa nje wiki hiyo hiyo. Mtu wa pwani akisikia hivi anashangaa kwa haki kabisa, maana kwa mirathi ya Kiislamu mabinti hao wangechukua theluthi mbili wagawane, mama yao thumni, na huyo Collins angesubiri kuambiwa kama kuna kilichobaki kinachomhusu. Kule shamba lote ni lake. Na Bennet hajaweka akiba hata kidogo kwa sababu alipooa alikuwa na uhakika atazaa wa kiume, sheria ikafunguliwe, mambo yakae sawa. Wakaja wa kike watano.

Ukishayajua haya matatu, kile kitabu kinageuka mikononi mwako. Mama Bennet ambaye filamu zote zinamfanya kituko, anapiga kelele, ana "neva" zake, anahangaika kuozesha mabinti kama nyumba inaungua, basi nyumba kweli inaungua. Ni yeye peke yake kwenye ile familia anayepiga hesabu. Anapiga vibaya na kwa sauti kubwa na anaaibisha watoto wake mbele za watu, sawa, lakini yule baba tunayempenda kwa utani wake mkali amejifungia maktaba anasoma. Mara ya kwanza unacheka na baba. Mara ya tatu unaanza kumkasirikia.

Na hapa tuje kwenye uzushi mkubwa kuliko wote, kwamba hizi ni stori za mapenzi. Mapenzi yapo, simkatalii mtu. Ila angalia mwandishi mwenyewe anavyoyachukulia. Kwenye Emma, riwaya yake nyingine, baada ya kurasa mia nne za kusubiri, mwanamume anatamka, msomaji umeshika moyo unataka kusikia binti atajibu nini, na Austen anakwambia, alisema nini? Alisema kile hasa alichopaswa kusema, bibi mwenye heshima husema hivyo siku zote. Basi. Amekufungia mlango. Ile picha maarufu ya Darcy akitoka bwawani shati limelowa, samahani sana, haimo kitabuni, ilibuniwa kwa ajili ya tamthilia ya BBC ya mwaka 1995. Kitabuni Darcy na Elizabeth, binti wa pili wa Bennet, wanakutana tu kwenye majani nje ya nyumba, wote wanaona aibu, wanaulizana hali za familia mara mbili mbili.

Lakini pesa? Kwenye pesa hakufungii mlango hata siku moja. Nenda kwenye riwaya yake Sense and Sensibility, sura mbili za kwanza tu, wala huhitaji kusoma zaidi. Mzee yuko kitandani anakufa, anamwita mtoto wake wa kiume John Dashwood, anamwambia mwanangu nakuachia mama yako wa kambo na dada zako watatu, uwatazame. John anaahidi. Mzee anazikwa. John si mtu mbaya, amekaa amepanga atawapa dada zake pauni 1,000 kila mmoja, jumla 3,000, na anajisikia vizuri kabisa moyoni. Ndo mkewe Fanny anaingia. Mume wangu, utamnyang'anya mtoto wetu mdogo? Kwanza hao ni dada wa mama mwingine. John anafikiri, anashuka hadi 500 kila mmoja. Fanny anasema ni ukarimu mkubwa mno, kaka gani angefanya hata nusu ya hiyo. John anaona basi bora ampe mama yao pauni 100 kwa mwaka. Wee, Fanny anasema, mtu akishawekewa posho ya kila mwaka hafi huyo, mama yangu aliwahi kulipa wazee watatu mpaka akachoka. Basi tuwape pauni 50 mara moja moja. Mwisho wa sura ya pili wamefika wapi? Baba yako, Fanny anasema, nina hakika hakuwa na maana ya pesa. Alimaanisha uwatafutie kanyumba kadogo, uwasaidie kuhamisha vitu, uwapelekee samaki na nyama ya mawindo msimu ukifika. Na Fanny anamalizia kwa kulalamika kuhusu vyombo vya kauri vya marehemu ambavyo yule mjane kaachiwa, vizuri mno kwa nyumba watakayoimudu.

Niambie kama hujawahi kukaa kwenye kikao hicho. Niambie. Mi nilimwona Fanny akihesabu sufuria wakati maturubai bado hayajashushwa, alikuwa na jina jingine tu na kajifunga kanga.

Kitu ambacho Austen hafanyi pale ni kusema "walikuwa wachoyo". Kwenye mazungumzo yale hasemi kabisa. Anawaacha waongee, kila sentensi ina heshima zake, kila sentensi ina sababu, na pesa zinayeyuka. Hii ndo sehemu ya ufundi ambayo maprofesa wanaipa majina marefu, mi nitaieleza kwa njia ya nyumbani. Soma hii: Mama Asha alikataa kuchangia harusi. Si kwamba ni mchoyo, hapana, ila mwezi huu mambo yamekuwa mengi, na mwaka juzi si alichanga? Nani alimshukuru?

Haya, nani anaongea hapo? Sentensi ya kwanza ni msimulizi. Lakini "si kwamba ni mchoyo, hapana" hayo ni mawazo ya Mama Asha mwenyewe, anajitetea, ila hakuna alama za kunukuu, hakuna "alisema moyoni". Msimulizi ameazima mdomo wa Mama Asha bila kutuambia, na wewe msomaji unasikia sauti mbili kwa pamoja, moja inajitetea, nyingine imetulia inakutazama tu usoni. Austen hakuwa wa kwanza duniani kufanya hivi lakini wa Kiingereza waliomtangulia hakuna aliyeifanya kwa ustadi na kwa urefu ule, na riwaya nyingi unazosoma leo, hata za Kiswahili, zinatumia njia hiyo bila kujiuliza imetoka wapi.

Emma ndo kilele chake. Binti tajiri, mrembo, ana miaka karibu 21, kajipa kazi ya ushenga kijiji kizima. Sisi tunaona kila kitu kwa macho yake. Anaamini mchungaji Elton anamtaka rafiki yake Harriet, na sisi tunaamini, dalili zote zimewekwa pale mezani zinaonyesha kinyume na hatuzioni kwa sababu Emma hazioni, mpaka siku jamaa yuko ndani ya gari la farasi na Emma peke yao anamshika mkono anatoa posa kwake yeye mwenyewe. Ukirudia kitabu unaona aibu, kila kitu kilikuwa wazi. Hii ni sababu moja kubwa ya watu kumrudia, kitabu cha pili chake ni kile kile ukikisoma mara ya pili.

Na kijembe sasa. Sisi watu wa kanga hatuna haja ya kufundishwa hii. Kanga imeandikwa maneno yake, haimtaji mtu, mwenye kuivaa anapita zake kwenda dukani, na jirani ambaye ujumbe unamhusu ameshaupata. Austen anaandika vile vile. Sentensi yake maarufu kuliko zote, ile ya kufungulia Pride and Prejudice, inasema ni ukweli unaokubaliwa na dunia nzima kwamba mwanamume kapera mwenye mali lazima atakuwa anahitaji mke. Imenyooka, ina uzito, kama hotuba. Halafu unasoma ukurasa unaofuata unagundua huyo mwanamume wala hajasema anahitaji chochote, wenye kuhitaji ni mama za mabinti, na "dunia nzima" ni majirani wanne. Watu wanaibandika hiyo sentensi kwenye kadi za harusi kabisa. Kanga imevaliwa kinyume.

Uzushi mwingine, kwamba aliishi maisha ya utulivu hakujua dunia. Hata Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, alidanganyika. Desemba 1943 akiwa mgonjwa wa nimonia huko Tunisia, katikati ya vita, binti yake Sarah alimsomea Pride and Prejudice, naye akaja kuandika kwamba watu wale walikuwa na maisha matulivu kweli, hawana habari na Mapinduzi ya Ufaransa wala vita vya Napoleon. Matulivu yapi? Mume wa binamu yake Austen alikatwa kichwa Paris mwaka 1794. Kaka zake wawili, Francis na Charles, walikuwa baharini kwenye hiyo hiyo vita. Mchumba wa dada yake Cassandra alikufa kwa homa ya manjano huko visiwa vya Karibi mwaka 1797. Benki ya kaka yake Henry ilifilisika 1816. Na kwenye riwaya yake Mansfield Park yule mzee mwenye jumba ana mashamba Antigua, kisiwa cha Karibi, sote tunajua mashamba ya Antigua yalilimwa na nani, na Fanny Price, binti mnyonge wa nyumba ile, anauliza kuhusu biashara ya watumwa na kinachofuata ni ukimya mzito. Mstari mmoja tu. Wasomi wanabishana hadi leo ule ukimya unamaanisha nini, mi naona kuuweka tu sebuleni pale katikati ya watu waliovaa vizuri tayari ni jambo.

Sasa huu utulivu tumeupata wapi? Kwa familia yake. Alipokufa 18 Julai 1817 akiwa na miaka 41 walimzika ndani ya kanisa kuu la Winchester na kwenye jiwe wakasifu tabia yake na akili yake, hawakutaja kwamba aliandika hata kitabu kimoja. Cassandra alichoma barua zake nyingi, zimebaki kama 160. Halafu mwishoni mwa 1869 mpwa wake akatoa kitabu cha kumbukumbu kinachomchora shangazi mpole, mshona nguo hodari, asiyejali umaarufu wala pesa. Asiyejali pesa! Mtu aliyeandika kwenye barua kwamba anapenda sifa kama mtu yeyote lakini fedha nazo anazipenda. Baba yao alipokufa mwaka 1805 yeye, mama na dada yake walibaki kuishi kwa kama pauni 450 kwa mwaka, sehemu kubwa ni michango ya kaka zao, na Jane kwa upande wake hakuwa na hata senti ya kwake. Walihama nyumba hadi nyumba mpaka kaka yao Edward, aliyelelewa na ndugu matajiri, alipowapa nyumba kijijini Chawton mwaka 1809. Miaka minne baada ya kifo cha baba ndo kaka mwenye mashamba anakumbuka ana nyumba. Kina John Dashwood hakuwatafuta mbali.

Na posa aliipata. Desemba 1802 kijana mrithi wa jumba kubwa, Harris Bigg-Wither, alimwomba, akakubali jioni, usiku akalala na jibu lake, asubuhi akamwambia hapana na wakaondoka ile nyumba haraka. Alikuwa anatimiza miaka 27 mwezi huo. Sasa kumbuka Charlotte Lucas, rafiki wa Elizabeth, anayemkubali yule Collins ambaye hakuna anayemtaka kwa sababu anataka nyumba yake tu basi. Charlotte ana miaka 27. Elizabeth anashtuka na kumhukumu, lakini kitabu hakimhukumu, kinamwonyesha kwenye nyumba yake mpya akiwa amejichagulia kachumba ka nyuma ambako mume hapendi kukaa, na akimhimiza mume sana akalime bustani, ni mazoezi mazuri kwa afya.

Ndo maana stori zake zinahama bila viza. Wahindi wamezichukua mara kadhaa, ile ya Kitamil ya mwaka 2000 iliyotokana na Sense and Sensibility imewekwa India yenyewe na haihitaji maelezo, ukishakuwa na nyumba, mirathi, mabinti na majirani, umemaliza. Wamarekani wakaipeleka Emma kwa wanafunzi wa sekondari wa Beverly Hills, Clueless, 1995, ikakubali. Wickham wa Pride and Prejudice, yule ofisa mzuri wa sura anayekusimulia alivyodhulumiwa siku ya kwanza tu mmekutana, wala sihitaji kukutafsiria, wapo kwenye inboksi.

Kama unataka kuanza, usianze na Mansfield Park, utamchukia bure. Anza na Pride and Prejudice, vumilia zile kurasa arobaini za mwanzo, na kila anapoingia mtu mpya tafuta kwanza ana pauni ngapi.

Nimalizie na noti. Tangu Septemba 2017 sura yake iko kwenye noti ya pauni 10 ya Uingereza, na chini yake wameandika maneno yake, kwamba hakuna raha kama kusoma. Inapendeza, si ndiyo? Maneno hayo kitabuni anayasema Caroline Bingley, dada yake yule Bingley, ambaye hapendi kusoma hata kidogo, ameokota kitabu kile kwa sababu tu ni juzuu ya pili ya kile anachosoma Darcy na anataka Darcy amwangalie. Anapiga mwayo mkubwa, anatamka hayo, hakuna anayemjibu, anapiga mwayo tena na kukitupa kitabu pembeni. Na pauni 10 ndo bei aliyolipwa Austen mwaka 1803 kwa riwaya yake ya kwanza kununuliwa, mchapishaji akaikalia bila kuichapa, hadi 1816 familia ikairudisha kwa pauni 10 zile zile.